Bitana katika ubongo wa binti yangu

Bahasha ya picha za MRI za binti yangu huwa naiweka kabatini pamoja na karatasi zangu za kukatia nguo. Ndiyo sehemu pekee nyumbani kwetu ambako kitu kipana hakikunjwi wala hakikaliwi. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, mwaka wa 19 sasa, na huyo binti nyumbani tunamwita Bi Mdogo, basi na humu nitamwita hivyo. Ana miaka 12. Ana kifafa. Amenipa ruhusa ya kuandika kwa sharti moja: niseme kwamba darasani kwao hakuna anayemshinda kuchora. Nimesema.

Miaka minne iliyopita tulipanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam kwa ajili ya hicho kipimo. Majibu yalipotoka, daktari aliichomeka filamu kwenye taa ya ukutani akawa anatafuta kalamu ya kunionyeshea, lakini sikumsubiri. Niliona mwenyewe. Ubongo ukipigwa picha ya kuukata kwa ubapa, ukingoni huonekana pindo la kijivu linalozunguka kote, limekunjwakunjwa kama marinda, na ndani yake pana sehemu nyeupe. Kwa Bi Mdogo, chini ya lile pindo palikuwa na mstari mweupe mwembamba, kisha pindo la pili la kijivu. Hilo la pili halikuwa na marinda. Lilitulia tu, likifuata la kwanza kulia na kushoto, nene zaidi upande wa paji la uso.

Nikasema kwa sauti, "Ana bitana."

Daktari akageuka. "Unasemaje, mama?"

Nikamweleza kwamba gauni la kitambaa chepesi tunalitia kitambaa cha pili kwa ndani, kinachofuata umbo la cha juu lakini hakina marinda yake. Akaitazama filamu tena kwa muda. Akasema jina ambalo madaktari wenyewe wameipa hali hii halipo mbali na langu: wao husema gamba maradufu. Hiyo bitana, akasema, ni seli za neva zilizoanza safari ya kwenda juu mtoto akiwa tumboni, zikasimama njiani.

Tangu siku hiyo sijaacha kuuliza habari za hiyo safari. Nimeuliza daktari, nimeuliza wauguzi, na zaidi nimemsumbua mtoto wa dada yangu anayesomea udaktari. Hunitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba, nane, nami nausikiliza huku nikishona. Haya ninayoandika ni yale niliyoyaelewa barabara, na nayaandika kwa sababu nilipoyatafuta kwa Kiswahili siku zile nilipoyahitaji sana, sikuyapata.

Lakini kwanza niseme tulikotoka. Kifafa kilimwanza akiwa na miaka mitano. Alikuwa anakula, mkono wa kulia ukakakamaa na tonge ndani yake, macho yakapanda, akaanguka. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, alimtia kijiko mdomoni ili asijing'ate, jino la mbele likavunjika. (Usimtie mtu kitu mdomoni. Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, tazama saa, na ikipita dakika tano mkimbize hospitali.) Kituo cha kwanza tulichokwenda walisema ni degedege la homa, wakati mtoto hakuwa na homa. Nyumbani wakasema ni degedege lile lenyewe, dege apitaye na kumvaa mtoto, akafukizwa mavi ya tembo hadi macho yakavimba. Nilikubali. Kama si mzazi wa mtoto wa namna hii usinihukumu.

Baada ya degedege la tatu, la nne, watu wakaacha kumtazama mtoto wakaanza kunitazama mimi. Mama mkwe wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikumbuka kwamba mimba ya Bi Mdogo ilipokuwa na miezi mitatu, minne, mimi nilikuwa nashona usiku kucha. Kweli nilishona. Ulikuwa msimu wa sare za shule, nina oda za shule mbili, na umeme ulikuwa unakatika mchana. Nilikaa kwenye cherehani ya miguu kuanzia isha hadi adhana ya alfajiri. "Ulimtikisa mtoto," akasema. "Ubongo wake ukamwagika mahali." Wifi yangu akaongeza habari ya udongo niliokuwa nautafuna. Mwingine akasema nilipita chini ya mbuyu jua likizama. Mume wangu hakusema lolote, na kunyamaza kwake nilikuhesabu pia.

Sasa njoo tuione safari yenyewe.

Ubongo wa mtoto unapoanza kuumbwa ni mrija, na ndani ya mrija mna maji. Hayo maji hayaondoki; hata mimi na wewe tuna vyumba vya maji katikati ya ubongo. Seli nyingi za neva za gamba la juu, lile pindo la kijivu tunalofikiria nalo, huzaliwa huku chini, ukutani mwa vyumba vya maji. Kila moja inapozaliwa haiko mahali pake. Inabidi ipande. Mwanzoni ukuta ni mwembamba na safari ni fupi, lakini ubongo unakua, na zinazozaliwa baadaye zina mlima wa milimita nyingi mbele yao, na mwendo wao ni wa makumi ya maikromita kwa saa (maikromita ni milimita moja ukiigawa mara elfu). Kwa lugha ya mkasi na uzi, seli hutumia saa nzima au zaidi kuvuka upana wa unywele mmoja. Kupanda huku huanza karibu mwisho wa mwezi wa pili wa mimba, hupamba moto kati ya wiki ya 12 na ya 20, na kufikia wiki ya 24 hivi sehemu kubwa huwa imekwisha. Gamba la ubongo wa mtu mzima lina seli za neva kama bilioni 16 katika unene wa milimita mbili hadi nne tu, na muda wote huo zinapopanda, uso wa ubongo bado ni laini kwa sehemu kubwa. Marinda mengi huja mwishoni, katika miezi ya mwisho ya mimba.

Nilimuuliza mtoto wa dada, zinapandaje? Hakuna damu inayozisukuma, hakuna mkondo. Akanijibu, "Mama mdogo, zinapanda uzi." Akanitumia video.

Niliitazama ile video nikamwona baba yangu.

Baba alikuwa mkwezi Pangani. Alikwea minazi ya watu tangu kijana hadi goti lilipomkataa, na mimi nikiwa mdogo kazi yangu ilikuwa kusimama mbali nazi zisiniangukie, kisha kuziokota. Najua mkwezi anavyopanda. Hapandi kama maji yanavyopanda kisimani. Ametia kitanzi cha kamba ya makumbi miguuni. Ananyoosha mikono, anaukumbatia mnazi juu, anakaza. Mwili bado uko chini. Halafu kwa mara moja anauvuta mwili wote, miguu na kamba vinakuja, anakaza miguu. Anapumua. Mikono tena.

Seli ya neva hufanya hivyohivyo. Hutoa mkono mwembamba mbele yake, mkono unatangulia ukipapasa uzi. Mwili umesimama. Halafu kiini cha seli, ambacho ndicho mzigo mkubwa kuliko yote ndani yake, huvutwa kwa mara moja kuufuata mkono. Inatulia. Mkono tena. Mwaka 1987 huko Marekani, mtafiti Mary Hatten na mwenzake walichapisha picha za video za seli hai za ubongo wa panya zikienda kwa mwendo huo, za ubongo mdogo wa kisogoni, na aliyeziona hakuhitaji tena kubishana.

Na mnazi je? Mnazi ni seli nyingine, ya jamii inayoitwa glia. Mwili wake uko chini ukutani mwa vyumba vya maji, na kutoka hapo imetoa uzi mmoja mrefu unaokwenda moja kwa moja hadi uso wa ubongo. Ubongo ukikua, uzi nao unarefuka. Aliyeonyesha wazi kwamba seli changa za neva hushikamana na nyuzi hizi zinapopanda ni Pasko Rakic, mzaliwa wa Yugoslavia ya zamani aliyefanyia kazi Marekani, katika maandiko aliyochapisha mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hakuwa na video. Alichukua ubongo wa vijusi vya nyani, akaukata vipande vyembamba kupita kiasi, akavitazama kwa hadubini ya elektroni kimoja baada ya kingine, kisha akavirudishia kwa mpangilio hadi seli nzima ikasimama tena mbele yake, imeukumbatia uzi. Mimi hukata nguo na kuzirudisha kuwa umbo, basi kazi ile naiheshimu kwa namna ya peke yake. Baadaye, kuanzia mwaka 2000 hivi, ikaja kujulikana kwamba hizo glia si njia tu: nyingi ya seli za neva huzaliwa kutokana na glia hizohizo. Yaani mkwezi anapanda mgongo wa mama yake. Nilipousikia ujumbe huo wa sauti nilisimamisha cherehani.

Zinapofika juu hazikai ovyo. Gamba lina matabaka sita, na utaratibu wake unashangaza. Ungedhani waliotangulia wangekwenda kukaa mwisho kabisa, na wanaofuata wangejaza nyuma yao. Ni kinyume. Fikiria shughuli ya harusi, akina mama wa kwanza wamefika wakakaa kwenye mkeka palepale mlangoni. Kila anayekuja baadaye inabidi ainue kanga, aseme "samahani jamani, nipisheni", awaruke wote, akakae mbele yao. Ndivyo gamba linavyojengwa. Watafiti wawili, Angevine na Sidman, ndio waliolithibitisha hili kwa panya mwaka 1961. Waliweka alama ya mionzi kwenye seli zilizozaliwa siku fulani, wakaja kutazama zilikotua, wakakuta waliozaliwa mwisho ndio walio juu kabisa.

Kuna ukoo wa panya wanaoyumba wakitembea, ulioelezwa na mtafiti Falconer huko Edinburgh mwaka 1951, ambao kwao utaratibu huo umevurugika: wanaokuja nyuma hawawaruki waliotangulia. Mwaka 1995 jeni lao, yaani agizo la kurithi lililoharibika kwao, likapatikana, na protini inayotengenezwa kwa agizo hilo ikaitwa rilini kutokana na kuyumba huko, kwa Kiingereza "reel". Rilini hutolewa na seli zilizokaa juu kabisa chini ya ngozi ya ubongo, kama mwenyeji anayesimama mbele ya mkeka akionyesha nafasi.

Niseme pia si zote zinazokwea kwa wima. Takriban moja katika kila tano ya seli za gamba huzaliwa mahali pengine, chini kabisa ya ubongo, na hutembea kwa ubavu, zikikatisha minazi badala ya kuipanda. Nyingi ya hizi ndizo seli za breki: kazi yao ni kutuliza wenzao. Kwa mama wa mtoto mwenye kifafa habari ya breki si ya kupita haraka, maana degedege ni seli nyingi mno kuwaka kwa pamoja bila wa kuzituliza. Na ziko seli chache ambazo safari yao huanzia puani. Pua! Zinaingia kichwani kufuata njia ya neva za kunusa hadi ndani ya ubongo, na miaka mingi baadaye ndizo zinazoamrisha mwili wa mtoto ubalehe. Watu ambao kwao safari hiyo ilikatika hukutwa hawanusi na hawabalehe, na zamani hakuna aliyejua mambo hayo mawili yanahusianaje.

Sasa Bi Mdogo.

Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti, moja Boston na jingine Paris, yalitangaza karibu kwa wakati mmoja jeni ambalo likiharibika hutokea gamba maradufu. Linaitwa DCX, na protini yake dabolikotini, jina lililotokana na ugonjwa wenyewe, "double cortex" kwa Kiingereza. Ndani ya mkono ule wa seli mna vijiti vyembamba, na vijiti hivyohivyo vimekizunguka kiini kama tenga. Dabolikotini huvishika vijiti visilegee. Kiini kinapovutwa, ni kwenye vijiti hivyo kinapovutiwa. Ikiwa mbovu, mkono unanyooshwa lakini mwili haufuati sawasawa. Mkwezi ameng'ang'ania juu, kamba ya miguuni inateleza.

Kilichonichukua muda kuelewa ni kwa nini baadhi zimefika na nyingine hazikufika, katika kichwa kimoja, cha mtoto mmoja. Jibu liko kwenye uanamke wake. Jeni la DCX limekaa kwenye kromosomu X, mojawapo ya vifurushi vinavyobeba jeni ndani ya seli. Mwanamke ana X mbili, moja ya mama na moja ya baba, na mapema sana, kabla hata ya ubongo, kila seli ya mwili wake huchagua X moja ya kutumia na kuifunga nyingine. Mtafiti Mary Lyon wa Uingereza alilisema hilo mwaka 1961. Ukitaka kuliona kwa macho mtazame paka mwenye mabaka meusi na ya rangi ya machungwa: karibu wote ni majike, na kila baka ni ukoo wa seli zilizochagua X moja. Bi Mdogo ana X moja nzima na moja yenye DCX mbovu. Seli zilizochagua ile nzima zilipanda hadi juu zikajenga gamba lenye marinda yake. Zilizochagua ile mbovu zilikwama katikati, zikaishia kuwa bitana.

Mvulana ana X moja tu. Ikiwa ndiyo mbovu, hakuna seli ya kusalimika, na ubongo huweza kubaki karibu laini kama yai, na mtoto huyo huwa na ulemavu mzito. Nina mwana mkubwa, mzima, ana miaka 17, anacheza mpira. Daktari aliniambia jeni kama hili laweza kuwa limejitokeza upya kwa Bi Mdogo, au limetoka kwangu, kwa sababu wako akina mama wanaolibeba bila dalili ya kuonekana. Kipimo cha jeni hatujafanya. Kilipaswa kupelekwa nje kwa gharama ya magauni mengi sana, na mimi sina mpango wa kuzaa tena. Mwanzoni wazo kwamba huenda limetoka kwangu lilinikosesha usingizi. Baadaye nilijiuliza: pengo la meno ya mbele nimempa mimi, nililipata kwa baba. Vidole hivi virefu nimempa mimi. Hakuna hata kimoja nilichokichagua nikamtilia mfukoni. Na hata ingekuwa ni kwangu, kwani cherehani ya usiku imeingia wapi hapo?

Nakiri kwamba ile habari ya wiki ilinitikisa. Siku mtoto wa dada aliponiambia kupanda huko hupamba moto kati ya wiki ya 12 na ya 20, nilihesabu kwa vidole. Ni zilezile wiki za sare za shule. Mama mkwe alikuwa amelenga mwezi wenyewe! Nilikaa na hilo siku mbili bila kumwambia mtu, chakula hakipiti.

Siku ya tatu nikamuuliza mtoto wa dada waziwazi, nini kinaweza kuziharibia seli safari kutoka nje? Hakunificha. Vipo vitu. Pombe kwa mjamzito inaweza. Vipo virusi vinavyoweza, kama saitomegalo. Mionzi inaweza, na ushahidi wake ni mchungu: watoto waliokuwa tumboni Hiroshima na Nagasaki Agosti 1945. Walipofuatiliwa kwa miaka mingi ilionekana kwamba waliodhurika akili kwa wingi ni wale waliokuwa na wiki 8 hadi 15 tangu kutungwa mimba bomu lilipowapata, na wachache wao walipokuja kupigwa MRI ukubwani, zilionekana sehemu za kijivu zikiwa mahali si pake, chini, ambako hazikupaswa kuwa. Sijui kama kuna kitu kilichonifanya niuone udogo wa mashtaka yangu kama hicho. Bomu linaweza kuziangusha seli kutoka kwenye mnazi. Pedeli ya cherehani haiwezi. Mtoto tumboni anaelea ndani ya maji, na seli yake imeukumbatia uzi kwa protini, haitikiswi na mguu wa mama anayetafuta ada. Na utepe wa namna hii, uliolingana kulia na kushoto, mnene mbele, kwa mtoto wa kike, daktari alisema chanzo chake cha kawaida ni jeni la DCX.

Mume wangu nilimweleza usiku, taa imezimwa. Akanyamaza tena. Asubuhi nikamkuta amefuta vumbi cherehani yangu na kuitia mafuta, kitu ambacho hajawahi kufanya tangu tuoane.

Kuna jambo moja zaidi ambalo daktari alinieleza, nalo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Nilimuuliza kama hiyo bitana inaweza kukatwa ikatolewa. Akasema hapana, na si kwa sababu tu ni ndefu na imeenea. Zile seli hazijafa. Ziliposimama njiani hazikulala: zilitoa mikono, zikaunganika na wenzao. Watu wenye gamba maradufu wamewahi kuwekwa kwenye mashine inayoonyesha sehemu ya ubongo inayofanya kazi, wakaambiwa wachezeshe vidole, na lile pindo la ndani likawaka pamoja na la nje. Bitana nayo inachezesha vidole. Ukiikata, unamkata mtoto. Ni kweli vilevile kwamba degedege linaweza kuanzia humohumo. Siwezi kuyatenganisha mambo hayo mawili.

Basi tunaishi na vidonge. Kabamazepini, asubuhi saa moja na jioni saa moja, kwa saa ya simu yangu. Daktari hakutaka kumpa valproeti, akitazama mbele kwamba ni mtoto wa kike na iko siku atakuwa mama, na dawa ile ni hatari kwa mimba. Zamani alikuwa akianguka mara nne, tano kwa mwezi. Sasa inaweza kupita miezi miwili. Hesabu zinampiga chenga. Mwalimu wake anamrudia taratibu, na namshukuru. Mkono wake kwenye penseli, mashallah. Mwezi uliopita amenichorea ua la kutarizi kwenye kofia ya bwana harusi na mteja akataka lile tu.

Wifi yangu ni mtu mwema, lakini tangu degedege la kwanza alikuwa na woga wa povu. Kikombe alichonywea Bi Mdogo hakishiki. Woga huu si wake peke yake. Daktari Louise Jilek-Aall alipoanzisha kliniki ya kifafa Mahenge mwaka 1960 alikuta wagonjwa wenye makovu ya moto, kwa sababu mtu alianguka jikoni na waliokuwapo waliogopa kumgusa. Miaka zaidi ya 60 imepita na mimi bado nasikia sokoni kwamba povu linaambukiza. Haliambukizi. Seli zilizokwama katikati ya mnazi ndani ya kichwa cha mwanangu zitamrukiaje mtu kupitia kikombe?

Idi iliyopita wifi alikuja, akaniuliza hizo picha tunazozisema kila siku zikoje. Nikaitoa bahasha, nikaishika filamu dirishani, jua la saa kumi likapita ndani yake. Nikampitisha na kidole: hapa vyumba vya maji, hapa ndipo wanapozaliwa, hapa ndipo walipofika. Akatazama kwa makini, fundi mwenzangu huyu, aliyenifundisha mimi kutia zipu.

"Na hawa wa katikati?"

Bi Mdogo alikuwa amekuja kusimama nyuma yetu. Akajibu yeye. "Hao ndio wavivu, shangazi."

"Si wavivu," nikamwambia. "Kamba iliwateleza."

Wifi akasema koo limemkauka, akaomba maji. Nilikuwa bado nimeishika filamu, basi Bi Mdogo akakimbia mtungini, akarudi na maji kwenye kikombe chake mwenyewe, kile cha njano alichokichorea samaki. Wifi akakipokea. Akakishika mikononi muda mrefu, akiwatazama wale samaki, kabla ya kunywa.